Sababu ya Sita

Stima imekatika Makupa tangu magharibi.
Mwanatumu yuwasoma kwa taa ya simu,
chaji asilimia tisa,
nami namenya viazi vya karai kwa kukisia,
kisu kikijua njia yake.

"Mama, sikiliza. Warumi wa Mashariki,
mwaka elfu moja tisini na moja, mwezi wa Aprili.
Wapechenegi walikuwa watu wa farasi na mahema,
wakihama na mifugo, wakivamia vijiji,
hata wakafika chini ya kuta za mji mkuu."

Mji wenye kuta hujiona ndio dunia.

"Mama!"

Haya, endelea.

"Mfalme hakuwa na jeshi la kutosha.
Akawaita Wakumani,
nao ni watu wa farasi na mahema vilevile,
lugha yao na ya wale ni mtu na binamuye.
Akawapa dhahabu. Akawaandalia karamu."

Hapo kisu kikasimama.

Mimi sikusoma Rumi, nimesoma Makupa.
Bibi yangu mzaa mama akinambia
kabla ya mawe na lami hapa palikuwa kivuko,
maji yakipwa mtu hupita, pindo la leso mkononi,
na ng'ambo ile, zamani za Wareno,
Wazimba walipiga kambi wakangoja.
Hawakuogelea.
Hawakuvunja mlango.
Waliambiwa: piteni.
Aliyesema ana mizinga na merikebu,
amechoka kuutia mji adabu kwa mkono wake.

Basi nikisikia mwizi ameitwa mezani
apate kumuua mwizi mwenziwe,
huwaza sahani. Nani ataziosha?

"Jua lilikuwa kali," yuwasoma, kidole chini ya mstari,
"askari wakashikwa na kiu vitani,
wanakijiji wakawaletea maji
kwa punda, kwa viriba, kwa vibuyu, kwa chochote."

Hao nawajua.
Hao wangekuja kwangu kuazima ndoo.

"Wapechenegi walikuja na wake zao na watoto,
mikokoteni wameizungusha iwe boma.
Jioni hakukusalia taifa.
Waliotekwa walikuwa wengi kuliko waliowateka,
na usiku..."

Usiku?

"Usiku waliuawa. Wamefungwa kamba.
Mfalme hakuamuru, kitabu chasema.
Alikasirika sana, kitabu chasema."

Kitabu chasema.
Nikatia kiazi kwenye maji, kikazama bila sauti.

Mwalimu Randani ataka sababu tano za ushindi.
Mwanatumu azihesabu upesi, kama mtu anayelipa nauli:
washirika, dhahabu, mpango mzuri,
kiu iliyotulizwa, adui asiyetazamia.
Tano. Zimetimia.

Na wale wa mikokotenini, wamo katika ngapi?

"Hawamo kwenye noti, Mama."

Simu ikazima.
Tukakaa. Lori la bandarini likapita,
vikombe vikagongana kabatini, kisha vikanyamaza,
na gizani nikamsikia mwanangu akipumua
kama aliyekuwa akikimbia.

Nikamwambia: andika tano, upate alama zako.
Siwezi kukulipia karo kwa hasira.
Ila ile ya sita itie kwa penseli, ukingoni,
herufi ndogo, Mwalimu akitaka aione, asipotaka basi:
kwamba usiku ule Wakumani,
walioshiba karamu, walioshinda,
walisikia kilio cha binamu zao kikikatika,
wakatazamana,
wakatandika farasi kabla ya alfajiri
wakaondoka bila kuaga,
na ujira wao ukabidi uwafuate njiani.

"Hiyo ni sababu ya ushindi, Mama?"

Sijui, mwanangu. Mimi nauza viazi.
Njoo unishikie taa.

"Taa gani? Simu imezima."

Basi njoo tu.